Nani Anachota Maji Wakati Unasoma?

Mwalimu tarajali anapokwenda mazoezi ya kufundisha hupewa ushauri ambao haujabadilika kwa miaka mingi: amka mapema, panga ratiba, weka simu mbali, jifungie ufanye kazi. Sina ugomvi na hayo matatu ya mwanzo. Hilo la nne ndilo linalonisumbua. Mtu anayejifungia kwenye nyumba ya watu sita amewaachia kitu wale watano waliobaki nje, na ushauri hausemi amewaachia nini.

Mimi nilifanya mazoezi yangu Singida mjini, nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza. Tulikuwa sita, wanaume wanne na wanawake wawili, tumepanga vyumba vitatu kwenye ua mmoja. Ilikuwa Julai na Agosti, majira ambayo upepo wa Singida haumwachi mtu: ukifagia asubuhi, adhuhuri vumbi limesharudi kwenye vitanda. Ziwa Singidani lilikuwa karibu, lakini maji yake ni ya chumvi, huwezi kuyapikia. Bomba la uani nalo lilikuwa na siku zake. Kwa hiyo kila siku kulikuwa na ndoo za kubeba, mkaa wa kuwasha, ugali wa kusonga, masufuria ya kusugua na uwanja wa kufagia. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kwenye fomu ya tathmini.

Kwenye fomu kulikuwa na mengine: azimio la kazi, andalio la somo kwa kila kipindi, zana za kufundishia, madaftari yaliyosahihishwa. Katika hayo mwenzetu mmoja alituzidi wote. Saa moja usiku anaingia chumbani, anaweka spika za masikioni. Saa nne anatoka, maandalio ya siku mbili yamekamilika kwa mwandiko safi. Mhadhiri aliyekuja kutukagua alimsifu mbele yetu, akatuambia tuige mfano wake. Sifa ile ilikuwa ya haki, kwa kadiri karatasi zinavyoweza kuonyesha.

Karatasi hazikuonyesha sahani iliyofunikwa aliyoikuta jikoni saa nne, wala ndoo ya maji ya kuoga iliyokuwa ikimsubiri. Kwa kawaida aliyeviandaa ni dada niliyelala naye chumba kimoja, au mimi. Hatukuchaguliwa. Hakuna kikao kilichosema wanawake watapika. Juma la kwanza tulipika, na juma la pili ikawa ndiyo desturi. Dada huyo alianza kuandika maandalio yake saa tano, umeme ukikatika akatumia tochi ya simu. Mhadhiri huyohuyo alimwambia kwamba maandalio yake yanaonyesha haraka na kwamba ajifunze kupangilia muda. Muda wake ulikuwa umepangiliwa tayari, ila si yeye aliyeupangilia.

Je, yule mwenzetu alikuwa na kosa? Ana utetezi, na si mwepesi. Kipindi kimoja ni dakika 40. Ukiingia bila kujiandaa kwenye darasa la wanafunzi 60, umepoteza dakika 2,400, yaani saa 40 za maisha ya watu, na wenye saa hizo ni watoto ambao hawajui kuwa wamepotezewa. Kwa hesabu hiyo, kujifungia si ubinafsi. Ni kulinda amana. Mimi pia siamini kwamba mtu aache maandalizi akae uani kupiga soga kwa jina la undugu. Undugu una udhalimu wake: muziki wa saa tano usiku, mgeni asiyeaga, na ile kauli ya kwamba anayesoma anaringa.

Lakini utetezi huo una tatizo moja. Dada wa chumba changu naye alikuwa na darasa, na wanafunzi wake nao walikuwa na saa zao. Kama amana ya wanafunzi inampa mmoja wetu haki ya utulivu, inatupa wote sita haki hiyohiyo. Haiwezi kumlinda mmoja kwa gharama ya mwingine.

Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya kale, aliwahi kuishi juu ya bafu za umma. Katika barua kwa rafiki yake Lucilius anaorodhesha makelele yake: wanaonyanyua vitu vizito wakiguna, wauza vyakula wakinadi kila mmoja kwa sauti yake. Anadai kwamba kelele za nje hazimdhuru mtu ambaye ndani yake mna amani. Kisha, mwishoni, anasema atahama. Wengi wanaiona barua hiyo kama kichekesho kidogo. Mimi naiona kama ukweli kuhusu mwenye uwezo wa kuhama. Lakini kuna mahali pengine katika barua hiyo panaponikaa zaidi. Anamweleza bwana wa nyumba kubwa ambaye watumwa wake wananyata ili apate usingizi, na bado hapati. Seneca anautazama moyo wa bwana. Mimi macho yangu yanabaki kwa wanaonyata. Utulivu wa mtu mmoja umegharimu miguu ya watu wangapi?

Hatuhitaji kwenda Roma kwa swali hili. Mwaka 1967, muda mfupi baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Wengi wanaikumbuka kwa mashamba ya shule. Humo pia alihoji kwa nini wanafunzi wafanyiwe usafi na kazi nyingine ambazo wanaweza kuzifanya wenyewe. Hofu yake haikuwa gharama tupu. Alihofia elimu inayomtenga msomi na jamii yake na kumfundisha kwamba kazi ya mikono ni ya wengine. Sote sita tulikuwa tumelisoma andiko hilo na kulijibia mtihani. Pale uani hatukuwa na fedha za kuajiri mpishi, basi tukampata mpishi bila mshahara, tukamwita dada.

Mambo yalibadilika juma la nne. Siku moja dada alikuwa na vipindi vinne, akarudi, akakaa mezani na madaftari yake. Nami nikakaa naye. Saa mbili usiku mkaa ulikuwa haujawashwa, na kila mtu alikuwa akichungulia jikoni kama anayengoja daladala. Usiku huo tuliandika zamu nyuma ya karatasi ya manila: wawili wanachota maji asubuhi, wawili wanapika kabla ya saa moja, wawili wanaosha vyombo na kufagia. Kuanzia saa mbili hadi saa nne, ua mzima kimya. Wale wanne walinung'unika siku tatu, kisha wakazoea. Mmoja akagundulika anasonga ugali vizuri kuliko sisi.

Napenda kuwa mkweli kuhusu matokeo, kwa sababu makala nyingi za ufanisi humalizia kwa kila mtu kufaidika. Mwenzetu wa maandalio ya siku mbili alianza kumaliza ya siku moja. Haki ilimpunguzia ufanisi. Ile ziada yake ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe sasa alikuwa analala saa tano.

Leo nasoma shahada ya uzamili katika elimu, naishi tena hosteli, na bado ninaamka mapema na kuweka simu mbali. Ila siku ikiisha, kabla ya kuhesabu kurasa nilizoandika, nauliza nani amezilipia. Swali hili linamhusu mwalimu kuliko wasomi wengine. Katika shule nyingi za vijijini bado kuna desturi ya kuwatuma watoto wakachote maji ya nyumbani kwa mwalimu. Sidhani kwamba desturi hiyo huanzia kwenye ukatili. Naamini huanzia kwenye ua kama wetu, kwa kijana mwenye bidii aliyezoea kukuta ndoo imejaa. Asiyejifunza kuiona ndoo hiyo akiwa chuoni hataiona hata ikiwa kichwani mwa mtoto wa darasa la nne, saa nne asubuhi, wakati wenzake wako kwenye hesabu.