Tuma Hata Kipande

Tarehe 9 Machi 2022, Mariupol, Ukraine. Maji hakuna, umeme hakuna, mtandao umekatika. Hospitali ya wazazi imelipuliwa kwa bomu, na Mstyslav Chernov, mwanahabari wa video wa Associated Press, amerekodi mama mjamzito akibebwa kwenye machela katikati ya vifusi. Nje ya mji hakuna anayejua. Afisa mmoja wa polisi akampeleka yeye na wenzake penye umeme na mtandao. Chernov akaigawa video vipande vitatu, akaituma kwa simu tatu. Saa zikapita, giza likaingia, amri ya kutotoka nje ikaanza, naye bado anatuma. Vipande vikafika. Dunia ikaona.

Ndugu yangu, simama hapo kidogo. Hakuwa na studio. Alikuwa na vipande vitatu na subira.

Chernov, mzaliwa wa Kharkiv, aliingia Mariupol na mpigapicha Evgeniy Maloletka alfajiri ya 24 Februari, saa moja hivi kabla ya mashambulizi ya Urusi kuanza. Pamoja na mtayarishaji Vasilisa Stepanenko, wakabaki wakati wanahabari wengine wa kimataifa wameshaondoka. Walipotoka tarehe 15 Machi, walikuwa na video za saa 30 hivi. Ndizo zilizozaa filamu ya *20 Days in Mariupol*. Mwaka 2023 kazi yao iliipatia Associated Press tuzo ya Pulitzer. Machi 2024 filamu ikaipa Ukraine Oscar yake ya kwanza. Akiwa jukwaani, tuzo mkononi, Chernov alisema anatamani asingeitengeneza filamu hiyo kamwe. Mtu wa namna hiyo hafanyi kazi kwa ajili ya makofi. Anafanya kwa sababu jambo likikosa shahidi, kesho litakanushwa.

Wala hakukaa kuhesabu tuzo. Alirudi mstari wa mbele wa vita na kutengeneza filamu ya *2000 Meters to Andriivka*, iliyompa tuzo ya uongozaji katika tamasha la Sundance mwaka 2025.

Na wewe? Ile kazi uliyoiweka kiporo ukingoja kamera nzuri, mfadhili, wakati wa utulivu, iamshe leo. Kama ni kubwa mno, igawe. Haba na haba hujaza kibaba. Rekodi dakika moja, andika ukurasa mmoja, umhoji mzee mmoja angali hai. Usilale leo kabla hujatuma kipande cha kwanza.