Je, Mchezaji ni Kete?



Vijana wengi wa mitaa yetu, kuanzia Magogoni mpaka Gerezani na Kariakoo, siku hizi wana mchezo wanaoupenda sana katika kompyuta na simu zao. Si ule wa kukimbiza mpira kwa vidole, bali ni mchezo wa kuwa meneja. Kijana hupewa timu na fungu la fedha, naye huamua nani asajiliwe, nani auzwe, nani aanze, nani akae benchi, na timu icheze kwa mfumo gani. Michezo ya namna hii ilianzia Uingereza. Mmoja wa mwanzo, wa Kevin Toms, ulitoka mwaka 1982. Mwingine, wa ndugu wawili Paul na Oliver Collyer, ulitoka mwaka 1992, na kutokana na huo ukazaliwa huu unaojulikana leo kwa jina la Football Manager.

Mzazi Mkristo akimwona mwanawe amekesha akipanga usajili, huenda akauliza: Je, ni dhambi? Sisi twaona swali hilo ni dogo. Lililo kubwa ni hili: Je, ni halali kumpanga mtu kama kete? Na hilo halimhusu kijana peke yake.

Kwanza tuseme wazi kwamba kupanga si kosa. Bwana wetu mwenyewe, katika Injili ya Luka sura ya 14, anamtaja mtu atakaye kujenga mnara, ambaye yampasa aketi kwanza ahesabu gharama. Tena anamtaja mfalme anayepima kama askari wake elfu kumi wataweza kukabili elfu ishirini. Wazee wetu nao wamecheza bao miaka mingi, na hakuna aliyewalaumu kwa kufikiri kete tatu mbele. Kijana anayejifunza kwamba fedha zina mwisho, kwamba mshambuliaji hodari bila kiungo wa kumlisha mpira ni hasara, na kwamba timu haijengwi kwa siku moja, amejifunza jambo la maana. Laiti baadhi ya kamati zetu zingejua hayo!

Lakini tutazame jinsi mchezo ule unavyomwona mtu. Kila mchezaji amegawanywa katika namba, tangu 1 mpaka 20: kasi yake namba fulani, upigaji wake namba fulani, hata ujasiri wake una namba. Juu yake kuna bei, na chini yake kuna mshahara na tarehe ya mwisho wa mkataba. Akitimiza miaka 32 namba zinaanza kushuka, na meneja mwerevu humwuza kabla bei haijaanguka. Ni kweli kwamba wachezaji wa humo hunung'unika wasipopangwa, lakini manung'uniko yao nayo ni hesabu. Hakuna mwenye mama mgonjwa wala watoto walio shuleni. Katika kompyuta jambo hili halina ubaya, maana kweli hakuna mtu mle ndani. Hatari ni jicho lile lile litakapotoka nje likawatazama watu.

Na kwa hakika limekwisha kutoka, tena si vijana waliolitoa. Dirisha la usajili linapofunguliwa, pita Mtaa wa Msimbazi yalipo makao ya Simba, kisha nenda mpaka makutano ya Twiga na Jangwani kwa Yanga. Usikilize maneno ya watu wazima: "Tumemnunua." "Auzwe." "Huyu amekwisha." Wasemao hivyo ni wapenzi wa mpira, na wengi ni watu wema. Lakini mtu huyo huyo waliyembeba mabegani mwezi uliopita, leo akikosa penalti huitwa gunia.

Mpira wa leo wenyewe una haraka hiyo. Mbwana Samatta, aliyetoka Simba mwaka 2011 kwenda TP Mazembe ya Kongo na baadaye Genk ya Ubelgiji, alisajiliwa na Aston Villa mwezi Januari 2020, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Mwezi Machi alifunga bao uwanjani Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Mwezi Septemba mwaka ule ule alikwisha pelekwa Fenerbahçe ya Uturuki. Hatusemi alidhulumiwa. Twasema tu kwamba miezi minane haimtoshi mtu kuzoea baridi ya nchi ngeni.

Mtu atauliza, basi je, usajili ni utumwa? La hasha. Sisi Waanglikana yatupasa tuwe waangalifu na neno hilo, maana Kanisa letu la Mkunazini, Zanzibar, lilianza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, mwaka ule ule soko lilipofungwa. Pale mtu aliuzwa yeye mwenyewe, mwili wake na watoto wake, bila kuulizwa. Mchezaji huuza kazi yake kwa muda, kwa ridhaa na kwa mshahara. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini hailindwi na jina. Inalindwa na mambo matatu: mtu aelewe anachotia sahihi, aulizwe kabla ya kuhamishwa, na uwepo mlango wa haki wa kutokea.

Jambo la mlango tuliliona katika habari ya Feisal Salum. Mwezi Desemba 2022 kiungo huyo alitaka kuvunja mkataba wake na Yanga. Klabu ikasema mkataba ungali hai, na kamati ya TFF ikaamua kwamba bado yeye ni mchezaji wa Yanga. Mji ukagawanyika. Wengine walisema, ahadi ni deni, na Zaburi ya 15 inamsifu mtu asiyebadili neno lake hata likimtia hasara. Wengine walisema, moyo wa mtu ukiisha ondoka, mwili wake unabaki kwa faida gani? Sisi twaona pande zote mbili zilishika sehemu ya kweli. Bila ahadi hakuna timu, wala ndoa, wala kanisa. Lakini ahadi ya kazi si minyororo, na mwenye nguvu zaidi ndiye apasaye kuwa wa kwanza kutafuta njia ya amani. Mwezi Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan, alipowaalika Yanga Ikulu hapa Magogoni baada ya kufika kwao fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, aliwaomba walimalize jambo la kijana yule. Mwezi huo huo akahamia Azam. Hakuna sheria iliyovunjwa, walikaa wakazungumza.

Tena, ndugu msomaji, jina la Kariakoo lenyewe latukumbusha watu waliopangwa kama kete. Latoka kwa Kiingereza, kwa jina la kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao kambi yao ilikuwa pale. Makumi ya maelfu walikufa kwa kuhara, malaria na uchovu. Majenerali walihesabu mizigo na maili. Majina ya wengi hayakuandikwa kaburini. Mwaka 1916 Askofu wetu Frank Weston wa Zanzibar naye alikusanya wapagazi kwa ajili ya vita hiyo. Hatusemi kazi ile ilikuwa njema. Lakini hakubaki nyumbani na daftari. Alikwenda nao bara yeye mwenyewe. Tena mwaka 1920 aliandika kijitabu kuwashutumu Waingereza wenzake kwa kuwatumikisha Waafrika kwa lazima. Aliyetembea na wapagazi hakuweza kuwaona tena kuwa hesabu.

Mtume Paulo alitufundisha vivyo hivyo katika waraka kwa Filemoni. Alimhitaji sana Onesimo gerezani, na angeweza kumzuia. Hakufanya hivyo bila ridhaa ya Filemoni. Alimrudisha kwa barua ya mkono wake, akajitolea kulipa deni lake, akaomba apokewe kama ndugu mpendwa wala si kama mtumwa. Huo ndio uhamisho wa Kikristo: anayehamisha anakubali kugharimika yeye kwanza.

Basi tufanyeje? Vijana, chezeni, lakini kwa kiasi. Mkiisha kumwuza mzee wenu wa miaka 32, jiulizeni angekwenda wapi kama angekuwa kaka yenu. Wapenzi wa mpira, tujifunze kusema "tumemsajili" badala ya "tumemnunua," na mchezaji akivunjika mguu tuulize habari zake hata msimu ujao.

Nasi kanisani tujihukumu. Tunapopanga kazi za parokia, mara ngapi twamhesabu Mkristo kwa bahasha yake? Yule mama aliyeimba sauti ya kwanza miaka ishirini, sasa sauti imekwisha, nani amekwenda kumwona? Mwalimu wa Jumapili tuliyembadilisha kwa barua moja, je, tuliketi naye kwanza? Kupanga hatutaacha, wala haitupasi kuacha. Bali kabla ya kuliandika au kulifuta jina la mtu katika orodha zetu, twende kwanza nyumbani kwake, tukabishe hodi.