Mwanafunzi wa Historia na Haki ya Waliokufa

Elimu zote humtaka mwanafunzi ajue, lakini historia humtaka tena ahukumu. Kijana ajifunzaye hesabu hatakiwi kuihurumia pembetatu, wala ajifunzaye kemia hana deni kwa chumvi. Ajifunzaye historia, hasa historia ya zama zilizo karibu, hukaa mbele ya watu waliopata kuwa hai kama yeye. Walioogopa, wakatumaini, wakadhulumu na wakadhulumiwa. Watu hao hawawezi tena kusimama na kujitetea. Kwa hiyo lipo swali ambalo halimo katika karatasi ya mtihani, lakini somo zima limesimama juu yake: je, kijana wa kidato cha sita ana haki ya kuwahukumu waliokufa, na kama anayo, huipata kwa njia gani?

Katika Tanzania kijana huingia kidato cha tano akiwa na tahasusi yake, na historia imo katika tahasusi kadha wa kadha, kama HGL, HGK na HKL. Ana miaka miwili tu, na mbele yake upo mtihani wa taifa ulioshika ufunguo wa mlango wa chuo kikuu. Si ajabu basi kwamba hutafuta njia fupi. Sababu za kila jambo huzigawa katika hoja, na matokeo yake kadhalika, akazikariri mpaka zikamkaa ulimini. Njia hii ina manufaa yake, kwa kuwa fikira isiyopangwa ni kama nyumba isiyo na vyumba. Walakini ina hatari isiyoonekana upesi. Kifo cha maelfu ya watu huwa hoja ya tano, na hoja ya tano ina thamani ya alama chache.

Mfano wa karibu ni Vita vya Maji Maji. Vilianza mwezi wa Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji na tumaini kwamba risasi hazitawadhuru, alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga. Moto ukaenea kusini mpaka Ungoni. Majeshi ya Wajerumani yalichoma vijiji, mashamba na ghala za chakula, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Hesabu ya serikali ya Wajerumani ilitaja Waafrika 75,000 waliokufa. Watafiti wa baadaye wamekadiria 250,000 hata 300,000. Wazungu waliokufa walikuwa 15.

Kijana aandikapo kwamba watu wengi walikufa hupata alama yake, wala hakusema uongo. Lakini kati ya 75,000 na 300,000 pana watu 225,000. Ama waliishi, wakapenda, wakafa kwa njaa. Ama ni makadirio yaliyopita kiasi. Mwanafunzi mwaminifu hawezi kupita hapo kwa haraka. Hana budi kuuliza nani alihesabu, alihesabu lini, na alikuwa na haja gani ya kupunguza au kuongeza. Kuuliza hivyo ni adabu ya elimu, na ni adabu ya mazishi pia.

Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Gustav Adolf von Götzen, aliyekuwa gavana wakati wa vita hivyo, alitoa kitabu juu yake mwaka 1909. Mtu huyo alikuwa mshitakiwa na shahidi kwa wakati mmoja. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu kilichokuwako Dar es Salaam walikwenda vijijini, wakakaa mbele ya wazee, wakaandika habari za kazi za kulazimishwa, za kodi na za mapigo. Fadhila yao haikuwa kwamba wazee hawawezi kukosea, maana mzee naye huweza kuivuta ngozi. Fadhila yao ilikuwa kwamba upande ulionyimwa nafasi ya kusema ulipewa nafasi hiyo. Kadhi asikilizaye upande mmoja aweza kutoa hukumu iliyo sawa, lakini hakutenda haki.

Kuna makosa mawili yanayomvizia kijana hapa. La kwanza ni kuhukumu kabla ya kusikia. La pili, ambalo huonekana kama hekima, ni kusikia sana hata akaacha kuhukumu, akasema kwamba kila jambo lilikuwa na sababu zake. Askari aliyetia moto ghala aghalabu alikuwa Mwafrika, mwenye mshahara mkononi na amri juu ya kichwa chake. Kujua hayo ni kumfahamu. Si kumwondolea hatia. Sababu hueleza jinsi tendo lilivyozaliwa, lakini haimshibishi mtoto aliyekosa chakula.

Wala haki hii si wajibu wa walioonewa peke yao. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu chake cha 231, uliwatwika Ujerumani na wenzake dhamana ya hasara za vita, na Wajerumani wengi waliona kwamba wametukanwa. Mwaka 1961 Fritz Fischer, naye Mjerumani, alitoa kitabu kilichofunua, kwa ushahidi wa nyaraka, tamaa kubwa za serikali ya nchi yake katika vita vile. Wanazuoni wenzake wengi walimshambulia. Mtu aweza kukataa baadhi ya maneno yake, lakini hawezi kukataa kwamba alipima kwa mizani ileile ambayo angewapimia wageni. Kuipenda nchi ni jambo jema. Kuisemea uongo si sehemu ya mapenzi hayo.

Historia ya kisasa ina uzito wake pekee kwa kuwa warithi wa mambo yake wangali hai. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa, miaka 118 baada ya vita kuanza. Radhi haiwezi kuombwa kwa jambo lisilokumbukwa, wala haiwezi kupokewa na mtu asiyejua alitendwa nini. Palipokosekana waandishi na wasikilizaji, dhalimu hupata faida ya pili, nayo ni kusahauliwa.

Basi kijana wa kidato cha sita ana haki ya kuwahukumu waliokufa, lakini haki hiyo hununuliwa kwa kazi: kusikia pande zote, kupima mashahidi, kuufahamu moyo wa mkosaji na bado kuliita kosa kwa jina lake. Alama atakazopata zitamfikisha chuoni, na si vibaya kuzitafuta. Lakini siku moja atakuwa mwalimu, hakimu au mtawala, na watakaosimama mbele yake watakuwa hai. Jinsi alivyozoea kuwasikiliza wasioweza kusema, ndivyo atakavyowasikiliza na hao.