Ushahidi wa Macho

Mwezi huu twataka kuweka mizanini swali moja lililo jepesi kulitamka na zito kulijibu. Mtu akisema, "Mimi ni mgonjwa," nasi tukimtazama hatuoni jeraha, wala homa, wala uvimbe, je, yatupasa kumsadiki? Wengi watajibu upesi, "Ndiyo, yatupasa." Sisi nasi tungalijibu hivyo hivyo kabla ya jambo lililotokea hapa kwetu Kirumba.

Yuko jirani yetu mmoja, mvuvi wa dagaa, mtu wa kazi na mtu wa watu. Asubuhi moja, mitumbwi ikiwa imekwisha kurudi na shughuli zimeanza kule Mwaloni, tulimwona akija njiani huku akishika kuta za nyumba. Aliyumba kama mtu atokaye kilabuni. Akapiga hatua tatu, akaketi chini, akatapika. Vijana walicheka. Sisi, tunaofundisha watoto wa watu, hatukucheka. Tulipita upande wa pili wa njia, tukanyamaza. Lakini kunyamaza kwetu kulikuwa hukumu, na kila aliyetuona aliisoma hukumu hiyo nyusoni mwetu.

Siku ya nne tulikutana na mkewe bombani. Alitusalimu kwa adabu, kisha akasema, "Mwalimu, watu wasema mume wangu amelewa. Ni pombe gani imlevyayo mtu siku tatu, naye hajameza hata uji?" Tulikosa la kumjibu. Kumbe muda ule wote mumewe alikuwa amelala, amefumba macho, ameshika ubao wa kitanda kwa mikono miwili kama mtu ashikaye ukingo wa mtumbwi katika dhoruba. Akigeuza kichwa tu, nyumba nzima ilizunguka. Na mwenye mtumbwi, kwa kuwa alisikia habari za ulevi, alikuwa amekwisha kumpa mtu mwingine nafasi yake.

Alipopelekwa hospitali, daktari alikuta kwamba ugonjwa ule ulikuwa wa sikio. Labda msomaji atashangaa, maana twadhani sikio ni la kusikia tu. Walakini ndani kabisa, katika mfupa wa kichwa, mna mifereji mitatu myembamba iliyopindwa kama pete, nayo imejaa maji. Kichwa kigeukapo, maji hayo hubaki nyuma kidogo na kusukuma vinyweleo vidogo mno, na kutoka hapo habari hupelekwa kwenye ubongo: tumegeuka kulia, au tumegeuka kushoto. Masikio mawili hushuhudia pamoja. Basi sikio moja likiugua, mashahidi hupingana. Mmoja asema, "Tumetulia", wa pili asema, "Twazunguka." Ubongo huchanganyikiwa, macho huchezacheza, na mtu huona ukuta ukimkimbia.

Hapa pana ajabu. Dunia yazunguka kweli, usiku na mchana, nasi sote juu yake; lakini hapana auhisiye mzunguko huo, kwa kuwa mwendo wake ni mmoja daima, na mifereji ya sikio hutambua mwendo unaobadilika tu. Mzima hauoni mzunguko uliopo. Mgonjwa huuona mzunguko usiopo. Nani kati yao awezaye kujivunia macho yake?

Magonjwa ya namna hii ni mengi. Pengine vijiwe vidogo vilivyomo sikioni huondoka mahali pake, na mtu huzungukwa na dunia kwa muda usiotimia dakika moja kila ageukapo kitandani. Tabibu ajuaye aweza kuvirudisha kwa kukigeuza kichwa kwa taratibu maalumu. Pengine mshipa wa fahamu wa sikio huvimba, na mtu hulala siku kadhaa kama huyu jirani yetu, kisha hupata nafuu kidogo kidogo kwa majuma. Pengine maji ya sikio la ndani huzidi kiasi, na kizunguzungu huja kwa vipindi vya saa nzima au zaidi, pamoja na mvumo sikioni na kupungua kwa kusikia. Tena ziko dawa, kama kwinini na sindano za streptomisini, ambazo zaweza kulidhuru sikio.

Wala si sisi wa Kirumba tu tuliodanganywa na macho. Zamani matabibu wa Ulaya waliwaona watu wa namna hii wakianguka, wakasema damu imezidi ubongoni, wakawatoa damu waliokuwa tayari hawana nguvu. Mwaka 1861 daktari Mfaransa, Prosper Ménière, mkuu wa nyumba ya viziwi katika Paris, alisimama mbele ya wakuu wa utabibu akaeleza kwamba ugonjwa huo watoka sikioni. Alifariki mwaka uliofuata. Baadaye, katika Vienna, Robert Bárány alikuwa akiwaosha wagonjwa masikio kwa maji, nao wakalalamika kwamba wanashikwa na kizunguzungu. Mwingine angaliwaambia wavumilie. Yeye alitega sikio. Akagundua kwamba maji ya baridi huyafanya macho yacheze upande mmoja, na maji ya moto upande wa pili. Na kwa elimu hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, naye akiwa mfungwa wa vita katika Urusi. Elimu hiyo ilianza kwa kulisadiki lalamiko la mgonjwa.

Tena wasomaji wetu wamjua Hana, aliyeomba kwa uchungu pale Shilo, midomo ikicheza wala sauti isisikike. Kuhani Eli alimtazama akadhani amelewa, akamkemea. Kosa la Eli lilikuwa kama letu. Lakini Hana alipomweleza, alimsikiliza, akayaacha aliyoyaona kwa macho, akambariki. Kukosea katika kuona ni jambo la wanadamu wote. Dhambi ni kushikilia tulichokiona hata baada ya kuambiwa.

Pengine mtu atauliza, "Je, tukimsadiki kila mtu, wavivu hawatatudanganya?" Naam, wako watakaotudanganya. Lakini na tupime hasara. Tukimsadiki mvivu, tutapoteza kazi ya siku moja. Tusipomsadiki mgonjwa, tukamrudisha mtumbwini usiku wa giza, tutapoteza mtu ziwani. Mwenye busara ajua ni hasara ipi ya kuchagua. Wazee walisema, adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti.

Tumesema yapasayo majirani; naye mgonjwa analo lake. Macho yake humwambia, "Usisimame, utaanguka," na katika siku za kwanza ni vema atii. Lakini ukali wa ugonjwa ukiisha kupungua, akiendelea kulala tu kwa hofu, huchelewa kupona. Maana ubongo waweza kujifunza upya kupatanisha mashahidi wake, nao haujifunzi ila kwa kutumika: kugeuza kichwa polepole, kukaza macho juu ya kitu kimoja, kusimama, kutembea akishikwa mkono, kila siku kidogo zaidi. Mazoezi hayo huleta kichefuchefu, na pengine mtu husema, "Yanazidisha ugonjwa." Afuate shauri la mganga wake, wala asikate tamaa. Twadhani watu wengi huita subira ile hali ya kulala na kungoja. Subira ya mgonjwa huyu ni kuinuka hali anaogopa.

Lakini ushujaa usiwe upumbavu. Hata apone vema, asipande mtumbwi, wala mti, wala pikipiki, wala asikae peke yake karibu na moto. Tena kizunguzungu kikija pamoja na ulimi mzito, au mkono na mguu wa upande mmoja kukosa nguvu, au kichwa kuuma kwa ukali wa ghafula, hiyo yaweza kuwa hatari ya ubongo. Asingojewe mpaka kesho, apelekwe hospitali saa ile ile.

Jirani yetu hajarudi ziwani bado. Kila jioni hutembea ufukoni, mkono wake begani mwa mwanawe, na mchana huketi kivulini akishona nyavu za wenzake. Mwenye mtumbwi alikuja akasema naye. Walipatana nini, hilo ni lao. Sisi tulikwenda nyumbani kwake tukamwomba radhi. Alituambia, "Mwalimu, kuzunguka kwa nyumba nilikuzoea. Nilichoshindwa kukizoea ni kuona watu wakivuka njia."

Tangu siku ile, tukimwona mtu anayumba njiani, awe ni nani, hatuvuki. Twamkaribia, twamshika mkono, twamwuliza ana nini. Akiwa amelewa kweli, naye vilevile ahitaji mtu wa kumfikisha kwake.