Msimu Mzuri ni wa Nani?

Ukimuuliza mtu wa utalii ni miezi gani mizuri ya kuizunguka Tanzania, atakujibu kabla hujamaliza swali: Juni hadi Oktoba. Mvua hakuna, barabara zimekauka, nyasi zimepungua, na wanyama wanasongamana kwenye maji machache yaliyobaki. Akiona huwezi kusubiri, atakuongezea Januari na Februari kwa upande wa kaskazini. Aprili na Mei atakushauri ubaki nyumbani. Jibu hilo ni sahihi, na yeyote aliyewahi kusukuma gari lililozama kwenye tope hatalibeza. Linalonisumbua ni neno moja dogo ndani yake: mizuri. Mizuri kwa nani?

Ninauliza kwa sababu mwaka huu, kwa mara ya kwanza, uchaguzi ni wangu. Tangu darasa la kwanza safari zangu zilipangwa na kalenda ya watu wengine. Shule ilifungwa Juni na Desemba, kisha chuo kikawa kinafungwa Julai mpaka Oktoba. Sasa nimemaliza masomo ya darasani ya shahada ya uzamili, nimebaki na tasnifu ambayo haijali leo ni mwezi gani, na nina akiba ya kutosha wiki tatu za mabasi, gesti za bei nafuu na bodaboda. Ninataka kuiona nchi. Nilianza na swali la kawaida kabisa, la lini, na kadiri ninavyolijibu ndivyo linavyozidi kuwa swali la maadili.

Tuanze na ukubwa wenyewe. Tanzania ina eneo la takriban kilomita za mraba 945,000, na mvua yake haifuati ratiba moja. Pwani ya kaskazini, nyanda za juu kaskazini mashariki na maeneo yanayozunguka Ziwa Victoria hupata mvua mara mbili kwa mwaka: vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Kusini, kati na magharibi hupata mvua mara moja, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, na Mamlaka ya Hali ya Hewa huziita mvua za msimu. Chanzo ni kile kile, yaani ukanda wa mvua unaolifuata jua. Jua likielekea kusini, ukanda huo hupita kaskazini mwa nchi, na likirudi hupita tena. Kule kusini unakogeukia, kwenda na kurudi huungana kuwa mvua moja ndefu.

Ndiyo maana Desemba, familia zinapojaza mabasi ya Moshi kwenda kula sikukuu na ndugu zao, vuli ya kule inaelekea kwisha. Songea, siku hizo hizo, watu wako shambani. Likizo ni moja na nchi ni moja, lakini mmoja anakwenda kwenye sherehe na mwingine anakwenda kwenye kazi.

Halafu kila mahali pana uzuri unaokuja kwa tarehe zake. Maua ya Kitulo, yaliyoipa hifadhi ile jina la Bustani ya Mungu, huchanua wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili. Senene huja Bukoba na mvua za Novemba. Nyumbu wa Serengeti huzaa upande wa Ndutu karibu na Februari, nyasi zikiwa mbichi. Papa potwe huonekana Mafia kati ya Oktoba na Machi. Ukisafiri Agosti, mwezi unaosifiwa kuliko yote, vyote hivyo vinne utavikosa. Utawapata tembo wa Ruaha kwenye mchanga wa mto, na nyumbu wakivuka Mto Mara, na si haba. Ila mwezi mmoja unaofaa nchi nzima haupo. Kila safari ya wiki tatu lazima imkute mtu fulani, mahali fulani, katika wakati wake mgumu.

Kama mambo yangeishia hapo, hili lingekuwa suala la kupanga njia tu, na ramani na kalamu vingetosha. Lakini msimu hubadilisha zaidi ya barabara. Hubadilisha watu wanakula nini, wanalala saa ngapi, wana fedha au hawana, wana nafasi ya kukaa na mgeni au wanamsalimia wakiwa njiani na jembe begani. Mtwara ya Novemba, minada ya korosho ikiwa imeanza, si Mtwara ya Aprili. Anayechagua mwezi wa kusafiri anachagua pia atawakuta watu katika hali gani, hata kama hakuwafikiria kabisa.

Bibi yangu mzaa baba anaishi kijijini, wilaya ya Songea, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam. Julai pale ni mwezi wa kushiba. Mahindi yamevunwa, magunia yamepangwa mpaka karibu na mlango, maharage yapo, jioni kuna baridi na watu wana muda wa kuota moto na kupiga soga. Harusi nyingi hufungwa miezi hiyo. Januari ni kijiji kingine. Akiba ya mwaka uliopita imepungua, mahindi mapya bado ni majani, watu wanatoka gizani kwenda kupalilia, na njia ya kutokea barabara ya lami ni utelezi mtupu. Ukoo wetu wa mjini humtembelea Julai. Bibi hutania, kama bibi wanavyowatania wajukuu wa kiume: "Mume wangu, wewe ni wa Julai tu. Mkeo wa Januari humjui." Wote hucheka, na yeye hucheka kuliko wote.

Utani huo una hoja ambayo wasomi wameiandikia vitabu. Mwaka 1983 Robert Chambers, mtafiti Mwingereza wa maendeleo ya vijijini, alichapisha kitabu kiitwacho Rural Development: Putting the Last First. Ndani yake anaeleza sababu zinazowafanya wataalamu wa mjini wasiuone umaskini wa vijijini hata wanapofika huko, na mojawapo ni msimu. Wageni wa mjini husafiri kiangazi, baada ya mavuno, barabara zinapopitika. Wakati wa mvua, ambapo chakula ni kidogo, kazi ni nyingi na maradhi yanazidi, wao wako ofisini. Kwa hiyo wanarudi na picha ya kweli ya nusu ya mwaka, kisha wanaipangia mipango ya mwaka mzima.

Nilipousoma ukurasa huo nilifikiri juu ya sisi, kizazi cha wasomi tunaopenda kusema "nimeizunguka nchi hii." Tunaposema hivyo huwa tumeizunguka katika miezi yake ya kiangazi. Tutakuwa maofisa, waandishi na walimu. Tutasema vijiji vinahitaji nini, na tutasema kwa kujiamini kwa sababu tulifika. Mtu ambaye hajafika kabisa huenda ni salama zaidi, kwa kuwa yeye angalau anajua kwamba inambidi aulize.

Zamani msafiri hakuwa na anasa hii ya kuchagua. Neno msimu lenyewe tumelipata kutoka Kiarabu, lugha ya mabaharia waliokuja pwani yetu na pepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi na kusukuma majahazi kuja huku. Kusi huanza karibu na Aprili na kuyarudisha. Aliyekuja na kaskazi alilazimika kungoja upepo ugeuke. Kungoja huko kulikuwa kwa wiki na miezi, mara nyingi mpaka masika yakamkuta Unguja, Lamu au Mombasa. Alikula walichokula wenyeji, aliumwa homa waliyoumwa, wengine walioa na kubaki. Simsifu kupita kiasi, maana biashara nyingine alizokuja nazo zilikuwa za kuwauza watu. Ninachotaka kusema ni kwamba upepo haukumruhusu kuondoka mambo yalipoanza kuwa magumu. Sisi tiketi ya kurudi tunaikata kabla ya kuondoka.

Nilipomweleza rafiki yangu tunayesoma naye mawazo haya, alinijibu kwa ukali: "Kwa hiyo unataka kwenda kuangalia tope? Watu wana njaa, wewe unakuja na begi kuona njaa inafananaje?" Ni pingamizi zito. Kumtazama mtu akihangaika kunaweza kuwa dharau kubwa kuliko kutomtazama kabisa. Tena mgeni wa wakati wa mvua ana gharama. Chakula kikiwa kidogo, yeye bado atatengewa sahani iliyojaa, kwa sababu hakuna nyumba ya kwetu itakayomwacha mgeni alale na njaa. Na akikwama, kuna watakaotoka kumkwamua. Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara eneo la Somanga, na abiria wakakwama. Kila mtu wa ziada kwenye barabara kama ile, aliyekwenda kwa sababu tu anataka kuiona nchi "ilivyo," ni mzigo wa ziada kwa wasiokuwa na la kufanya isipokuwa kupita.

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba msafiri mwema ni yule anayechagua mvua. Huko kungekuwa kuhamisha tu anasa kutoka kwenye vumbi kwenda kwenye tope.

Wahenga waliacha methali mbili ambazo kwangu zinalikata jambo hili vizuri kuliko kitabu cha Chambers. Ya kwanza: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huwa tunazisoma kama zinapingana, moja ya ukarimu na nyingine ya kumfukuza mtu kwa adabu. Zisome pamoja, ukikumbuka kwamba jembe lina msimu wake. Julai hakuna jembe la kumpa mgeni. Mahindi yamekwisha vunwa. Mwenyeji anayehitaji kupona yuko Januari. Methali ya pili inaeleza jinsi ile ya kwanza inavyotimia: mwenyeji anapona pale mgeni anaposhika kitu mkononi.

Na jembe si la mbao na chuma peke yake. Dada yangu mmoja, mtoto wa mama mkubwa, anafanya kazi katika hoteli ya pwani ya mashariki ya Unguja. Agosti hana hata nafasi ya kupokea simu. Aprili wageni wakipungua, yeye na wenzake hupewa likizo isiyo na malipo na kuambiwa wataitwa. Kwake yeye, mtalii anayekubali kunyeshewa Aprili amekuja wakati unaomfaa mwenyeji. Mtalii huyo hahitaji kujua kulima. Anahitaji tu kulipa, kukaa pale barabara inapopitika, na kutolalamika kwamba bahari haina rangi ya kwenye picha.

Hapo ndipo ninapofika. Swali la msimu mzuri lina majibu mawili kwa kutegemea una uhusiano gani na unakokwenda. Mahali ambapo mimi ni mpita njia, ambapo sina mtu wala kazi, nitakwenda wakati ambao sitamlemea yeyote, na mara nyingi huo ni kiangazi. Nikirudi nitasema niliiona Ruaha ya Agosti, na neno Agosti nitalitamka. Kulitaja ni uaminifu mdogo, lakini ungetuepusha na mipango mingi mibovu. Mahali ambapo nina mtu, sina haki ya kuulizia hali ya hewa kwanza. Natakiwa kuuliza ni lini ananihitaji, halafu ndipo nitafute buti.

Kwa raia wa kawaida hili si jepesi. Mwenye ajira hapewi likizo kwa kufuata mahindi, na mwenye watoto anafungwa na mihula ya shule. Baba mkubwa, ambaye ndiye hupanga safari ya ukoo, ana ratiba ya kazi na ana mgongo unaouma, na Julai yake ni halali kabisa. Lakini vijana tulio katikati, tuliomaliza kitu kimoja na hatujaanza kingine, tuna miezi ambayo hakuna aliyeidai. Nafasi hiyo hupita upesi.

Basi nimezigawa wiki zangu tatu. Moja nitaiweka Agosti, Iringa na Ruaha, kama mtalii, bila aibu. Mbili zitakuwa za Januari, Songea. Kitulo na maua yake vitanisubiri mwaka mwingine. Nilimpigia Bibi kumwambia, nikiwa nimejiandaa kusikia utani wake. Hakutania. Aliniuliza kama nitakuja na mtu mwingine, ili ajue la kufanya kuhusu chakula. Nikamwambia niko peke yangu, na kwamba unga nitanunua Songea mjini kabla ya kupanda gari la kijijini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema unga tusiuhangaikie sana, nibebe mbolea ya kukuzia mifuko miwili, maana ya kupandia ameshaipata, na nisivae viatu vya mjini.