Adabu ya Mgeni Mbele ya Chakula cha Watu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuwaruzuku wanaomtii na wanaomuasi. Na sala na salamu zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya haya: imekuwa ada ya baadhi ya watu wa pwani, wasafiripo bara, kukichukia chakula cha wenyeji kabla ya kukijua. Mmoja atafika Nyakasimbi, katika nchi ya Karagwe, atandikiwe mkeka, awekewe ndizi zilizopikwa na maharage, apewe buni za kutafuna, ndiyo heshima ya mgeni huko, au aletewe senene waliokaangwa, naye akunje uso, aseme: "Hiki si chakula cha watu." Kwa neno hilo moja amemvunjia mwenyeji heshima, na ameutia Uislamu aibu isiyo yake.

Na amtazame Bwana Mtume (s.a.w.). Hakupata kukitia ila chakula: akikipenda hula, asipokipenda hukiwacha. Aliwekewa dhabb, mjusi wa jangwani, asimle, akaeleza kuwa hakumzoea kwani hapatikani katika nchi ya watu wake. Wala hakumharimisha, na Khalid bin Walid akamla mbele yake. Na nzige, masahaba walimla vitani pamoja na Mtume. Basi senene, aliye jamaa wa nzige, ana kosa gani? Asiyempenda na amwache kwa ulimi mwema.

Lakini kushirikiana si kuchanganya halali na haramu. Wasemao, "Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho," hawakulisemea jicho la dini. Rubisi, pombe ya ndizi, ni haramu ijapotolewa kwa mapenzi. Zamani katika nchi zile watu wakifunga udugu walikula buni zilizopakwa damu zao. Damu ni haramu, wala udugu hauihitaji. Nyama ina masharti yake katika madhehebu ya Shafi. Mwenye shaka nayo na aombe radhi kwa upole. Chombo cha wasio Waislamu, kikikosekana kingine, huoshwa kikaliwa. Ndizi, maharage, samaki na maziwa havina mchinjaji wa kuulizwa.

Wala watu wa pwani si wageni wa jana Karagwe. Katika karne ya 19 wafanya biashara wao walikaa Kafuro, karibu na mji wa mfalme Rumanyika. Stanley aliwakuta huko mwaka 1876. Mizigo yao ilikuwa nguo na shanga. Riziki yao ilitoka mashamba ya wenyeji.

Na lizingatiwe lililotokea Buseresere, upande wa Geita, mwezi wa Februari 2013: Waislamu na Wakristo waligombana juu ya nani achinje, hata mtu akauawa. Kitoweo kilichowekwa kishibishe matumbo kikamwaga damu ya mwanadamu! Ndiyo mwisho wa sinia kugeuzwa mpaka.

Abdullahi bin Amri alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, aliuliza kwanza: Je, jirani Myahudi amepelekewa? Basi aliyekula ndizi za Nyakasimbi, na amwalike mwenyeji wake naye siku ya futari. Chakula kikienda upande mmoja tu ni sadaka. Kikienda na kurudi ndio ujirani.

Mwenyezi Mungu awape Waislamu riziki ya halali na moyo wa kuigawa. Amin.