Sitara ya Mtoto wa Shamba

Alfajiri ya Juni, ukungu ukiwa bado umetanda chini ya milima ya Udzungwa, mtoto wa miaka tisa anaingia kwenye mpunga unaomfika kifuani. Amekuja kuamia ndege. Kwelea kwelea hawangoji jua lipande, naye hangoji. Kufika dunguni, kaptura na fulana vimeloa umande chapachapa, na upepo wa kipupwe unamkuta hivyo hivyo, kopo la kugonga mkononi. Fulana yenyewe imetoboka mabegani. Ndiyo maana ikaitwa nguo ya shamba.

Begini kuna nyingine, ya Krismasi au ya Idi, imekunjwa vizuri.

Nguo ya mtoto, basi, ni ya nani: ya mtoto mwenyewe au ya macho ya watu? Kiswahili kina neno linaloweza kutuongoza hapa, nalo ni kusitiri. Siku hizi wengi wakilisikia huwaza kuficha uchi tu. Lakini aliyejenga kibanda chake husema amepata pa kujisitiri, na hapo anazungumzia mvua, jua na usiku. Sitara ni kinga kwanza. Mwili wa mtoto unadai kusitiriwa na umande na mbu kama unavyodai kusitiriwa na macho ya majirani.

Vitabu vya dini navyo vinaelekea huko. Surat An-Nahl, aya ya 81, inayataja mavazi yanayomkinga mtu na joto miongoni mwa neema za Mungu, na aya ya 5 inataja joto apatalo binadamu kutoka kwa mifugo. Katika Torati, Kutoka 22, aliyechukua vazi la maskini kuwa rehani anaamriwa alirudishe kabla jua halijazama, kwa kuwa ndilo la kujifunika usiku. Sheria ile haikuuliza kama vazi linapendeza. Iliuliza mwenye nalo atalala vipi.

Mzazi ana utetezi wake, nao si mwepesi. Tope la mbugani hula nguo, na mtoto anayekwenda ibadani na matambara huumia moyo mbele ya wenzake. Heshima hiyo nayo ni haki yake. Kosa ni pale fedha yote inapoishia kwenye siku moja ya kuonekana, na miezi ya shamba ikaachiwa masalio.

Kuchagua vizuri hakuhitaji utajiri, kunahitaji mkono wenye subira kwenye rundo la mitumba. Sweta liinuliwe kwenye mwanga, viwiko vitazamwe, mshono wa kwapani uvutwe. Pamba nzito ikiloa hukaa na maji asubuhi nzima. Sufu huhifadhi joto hata ikiwa na unyevu, na poliesta yenye manyoya hukauka upesi. Mikono iwe mirefu na yenye kubana viganjani. Nyeusi na bluu iliyoiva ziepukwe karibu na mapori, maana huwavuta mbung'o.

Humo humo rundoni huweza kutokea jaketi imara kuliko zote, lililoshonwa kwa ajili ya mtoto wa nchi za baridi anayefuatana na baba yake kuwinda. Likiwa la mabakamabaka, liachwe. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliwapa raia siku 7 kusalimisha sare za jeshi na mavazi yanayofanana nazo.

Jioni mbu huanza kazi. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara waliwafuata wakulima wa mpunga hadi kwenye vibanda vyao vya shamba, wakasanifu kibanda cha kuhamishika kisichopitisha mbu, na mwaka 2020 wakachapisha majaribio ya ndala zilizofungwa ukanda wa gunia wenye dawa. Ikiwa wataalamu wameona mguu wa mkulima gizani unastahili kufikiriwa kiasi hicho, mzazi naye anaweza kuufikiria mgongo wa mwanawe kunapokucha.

Kwa hiyo, mzazi wa Ifakara, ukishuka sokoni kabla ya msimu wa kuamia, anza na sweta la shamba. Nguo ya sikukuu ifuate.